Kumfundisha Ayak Baridi

Kakuma 1
16 Septemba 2012

Atabo wa Lodwar,

Labda umenisahau. Mimi ni yule msichana mrefu wa Kakuma aliyeganda mbele ya meza yako kwenye kongamano la sayansi, mpaka mwalimu wetu akaja kunivuta mkono akisema basi linaondoka. Ulikuwa na picha ya ndovu mwenye manyoya, ukimwita mamothi, na wavulana wa shule yenu walikuwa wakikutania: "Atabo, huyo ndovu wako ananyolewa kwa kinyozi gani?" Hukucheka wala hukukasirika. Uliendelea kueleza kana kwamba sisi sote ni majaji. Nikasema moyoni, huyu siku moja nitamwandikia.

Siku yenyewe imefika kwa sababu walimu wamegoma na mimi nashinda nyumbani. Jana nilikwenda sokoni kwa wanawake wa Lodwar wanaouza samaki wakavu, nikauliza kama kuna anayemjua Atabo wa Nawoitorong. Mmoja akanikazia macho: "Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Amekukosea nini?" Ndivyo nilivyompata shangazi yako Akoru. Amekubali kubeba barua zetu kila anapokuja na mzigo.

Sasa neno lenyewe. Mjomba wangu Alier yuko Kanada, katika mji unaoitwa Winipegi. Kanisa lake limekubali kutuita: Mama, kaka yangu Mabior, mimi, na mdogo wangu Ayak mwenye miaka sita. Karatasi zikikamilika tutasafiri mwakani. Lakini Ayak ana sikoseli. Damu yake ikichafuka, mifupa inamuuma mpaka anauma shuka la Mama kwa meno. Daktari wa hapa alituambia kwamba baridi huamsha maumivu hayo, na Mjomba anasema kwa simu kwamba huko mate yanaganda kabla hayajafika chini. Mama amewaza sana. Amesema kama Ayak hawezi baridi, atabaki hapa kambini na mama mdogo Akuch. Anasema afadhali mtoto awe mbali naye akiwa hai. Ataamua baada ya Pasaka, Mjomba atakapopiga kuuliza majina ya mwisho.

Ayak hajui. Yeye anauliza tu kama theluji inaliwa na sukari au na chumvi.

Ndiyo nakuuliza wewe. Ndovu ni mtu wa joto kama sisi. Yule wako alifanyaje hata akaiweza baridi? Nijibu kwa maneno yako, usininakilie kitabu. Simu iko moja nyumbani, ya Mabior, na namba nimeiandika nyuma. Lakini Mabior hupokea simu za wasichana wake tu, na betri yake haikai.

Ni mimi,
Nyibol


Nawoitorong, Lodwar
7 Oktoba 2012

Rafiki Nyibol,

Nakusalimu kwa Kiturkana: ejok. Barua yako imefika ikinuka samaki, na shangazi amenicheka kwa kuisoma nimesimama mlangoni kabla sijampokea mzigo. Nakukumbuka vizuri. Majaji walipita mezani kwangu kama watu wanaokwenda kula. Wewe uliniuliza swali.

Nitakujibu kama nilivyofundishwa na Mwalimu Erupe wa baiolojia. Ndani ya damu kuna kitu kinaitwa himoglobini. Kazi yake ni uchukuzi. Inapokea oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka miguuni, mikononi, kila mahali. Penye joto inaachia mzigo wake bila shida. Penye baridi mikono yake inakakamaa, na mzigo haushuki hata kama miguu inauhitaji. Ndovu wa kwetu akipelekwa kwenye barafu atapata taabu hiyo.

Mababu wa mamothi walikuwa ndovu wa joto, na mifupa ya ndugu zao inachimbwa huku kwetu Turkana, upande wa ziwa. Wengine walikwenda kaskazini kwenye barafu. Wanasayansi walichukua mfupa wa mamothi aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, wakazisoma jeni zake, kisha wakaitengeneza upya himoglobini yake ili waipime. Wakakuta mabadiliko matatu madogo. Matatu tu! Kwa sababu ya hayo, mikono ya mchukuzi wake ilifunguka hata kwenye baridi kali.

Mimi baridi siijui, Nyibol. Baridi kubwa niliyowahi kuigusa ni ya friji ya gesti hausi ambako mama yangu anapika. Nikitumwa soda huwa nauacha mkono mle ndani mpaka nikaripiwe. Lakini swali lako nalijibu hivi: damu yake ilijifunza baridi polepole. Ndovu wa joto alikwenda kwenye baridi na damu yake ikajifunza. Kwa hiyo sioni kwa nini tumkatie tamaa Ayak.

Nisalimie Mama, na umwambie Ayak kwamba mimi ningeila na sukari.

Rafiki yako,
Atabo


Kakuma 1
25 Novemba 2012

Mwalimu wangu Atabo,

Barua yako nimeikunjua na kuikunja mpaka imekatika katikati. Sasa nina barua mbili.

Sikiliza jambo hili. Uliandika mabadiliko matatu. Daktari alipomweleza Mama habari za sikoseli, alisema damu ya Ayak imebadilika mahali pamoja. Kwenye himoglobini hiyohiyo, Atabo! Siku ile tulirudi nyumbani tukilia barabara nzima, na mvua haikunyesha, ni sisi tu. Kumbe mtoto ameshaanza. Bado mawili.

Nilimwambia Mabior akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo dada yetu ni theluthi ya ndovu?" Nikamtupia ndara. Mama sijamwambia.

Nina maswali. Mamothi alianza na miguu au na kichwa? Na hiyo polepole yako ni polepole kiasi gani? Usiniulize kwa nini. Kuna masomo nimeanza na Ayak, na sitakuambia mpaka nione matunda, maana wewe ukiambiwa utampelekea mwalimu wako, naye atatia alama nyekundu.

Ayak anaomba umchoree mamothi. Awe mdogo, asiwe wa kukanyaga watu.

Nyibol


Nawoitorong, Lodwar
13 Januari 2013

Rafiki Nyibol,

Heri ya mwaka mpya. Shangazi alikwenda Kalokol kwa ndugu zake wakati wa Krismasi, ndiyo maana nimechelewa. Picha ya Ayak iko ndani. Nimemfanya mamothi ana macho mazuri na amefumba mdomo.

Shule zilipofunguliwa nilimpelekea Mwalimu Erupe swali lako la polepole. Amenisahihisha, na mimi nakusahihisha. Amesema nisiandike kwamba damu "ilijifunza". Mamothi mmoja hakubadilika tangu kuzaliwa mpaka kufa. Mambo yalikwenda uzao baada ya uzao: mmoja alizaliwa na damu tofauti kidogo, akazaa, na watoto wake wakazaa, kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo polepole yangu ilikuwa ndefu kuliko nilivyokuambia. Naomba uniwie radhi.

Lile badiliko la Ayak nimeliwaza sana. Ni kweli liko kwenye himoglobini, lakini si kila badiliko linaelekea upande mmoja. Sijui niliseme vipi bila kukuumiza. Usivunjike moyo, rafiki yangu. Mwalimu mwenyewe anasema kila jambo kubwa katika viumbe lilianza na mmoja.

Kuhusu miguu na kichwa, sielewi unalitakia nini swali hilo. Najua kwamba masikio ya mamothi yalikuwa madogo kuliko ya ndovu wetu, na mkia ulikuwa mfupi, ili joto lisipotelee huko. Labda tuseme alianzia pembeni: masikio, mkia, miguu.

Yanaendeleaje hayo masomo yenu ya siri? Ayak ameanza kusoma Kiingereza?

Atabo


Kakuma 1
10 Februari 2013

Atabo,

Sasa nakuambia, kwa sababu matunda yameonekana.

Karibu na sisi kuna Msomali mwenye duka na friji kubwa ya jenereta. Anauza barafu za mfuko, zile watoto wanazofyonza. Nikitoka shule namfagilia duka na kumtekea maji, naye ananipa barafu. Nazivunja kwenye karai, Ayak anatia miguu. Ulisema pembeni, na mimi nilikuwa nimeshaanza na miguu kabla barua yako haijafika, nikafurahi kwamba sikukosea.

Siku za kwanza alipiga kelele na kucheka. Barafu kwake ni sherehe, anajua watoto wengine wanaililia. Sasa anakaa mpaka amalize wimbo mzima wa kanisani. Midomo inatetemeka lakini maneno hayakosei. Magoti yalimuuma mara kadhaa, nikampumzisha, tukarudi. "Nyibol, damu yangu imesikia?" ananiuliza. Namwambia imesikia lakini bado ni kaidi kama mwenyewe.

Nimeelewa ulivyoandika kuhusu uzao baada ya uzao. Nimeelewa pia neno la mwalimu wako. Kama ni hivyo, lazima awepo wa kwanza. Yule mamothi wa kwanza hakuwa na mtu wa kumwonyesha njia. Ayak ana mimi. Na kama kubadilika kunachukua muda mrefu hivyo, si ndiyo sababu ya kutopoteza hata siku moja?

Kuanzia juma hili tunaingia mwili mzima. Mama akitoka asubuhi kupanga foleni ya mgao, namvika shuka lililoloweshwa maji ya barafu na kumsimamisha penye upepo. Mjomba atakapopiga simu, Mama ataona mwenyewe. Ayak atamwambia: mimi naiweza.

Mamothi wako tumembandika ukutani kwa uji. Mchwa hawajamgusa.

Nyibol


Nawoitorong, Lodwar
27 Februari 2013

Nyibol, acha leo. Ukiisoma barua hii acha palepale.

Nimeipata barua yako jana. Nimempigia Mabior kwa simu ya mama yangu mpaka salio likaisha, hapatikani. Shangazi hasafiri, wachuuzi wote wanasubiri uchaguzi upite. Nampa dereva wa basi barua hii, na namwomba Mungu ifike.

Mwezi wa kwanza Mwalimu Erupe aliniambia neno jingine ambalo sikuliandika, kwa sababu lilikuwa baya na wewe ulikuwa na furaha. Wale ndovu waliozaliwa bila ile damu hawakufundishwa na baridi. Walikufa. Ndiyo maana wakabaki wenye damu ile tu. Hakuna somo lolote pale, Nyibol, wala hakuna wa kwanza aliyejitahidi. Alizaliwa hivyo, basi, na wenzake wakafa.

Na damu ya Ayak haiko njia moja na ya mamothi. Badiliko lake ni jingine kabisa. Baridi ikimpata, mishipa yake inabana, chembe zake zinajikunja kama mundu, zinashikana, na damu haipiti. Yale magoti yalikuwa yanakuambia. Mfunike. Mpe maji mengi ya kunywa, yasiwe baridi. Mpeleke hospitali hata akiwa anacheka, na uwaambie kila kitu ulichofanya. Mwambie Mama. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyekufundisha, maana ndivyo ilivyo.

Atabo


Kakuma
21 Machi 2013

Kwa Atabo,

Mimi ni Mabior, kaka ya Nyibol. Kiswahili yangu ni ya soko, si ya shule kama yenu. Utanisamehe.

Ayak amekufa. Tumemzika wiki iliyopita.

Barua yako ilikaa kwa ofisi ya basi. Hiyo siku za uchaguzi hakuna mtu alikuwa anafungua kitu. Mtu ameniletea wakati watu bado wanakaa nje kwetu kwa sababu ya msiba. Nyibol alikuwa anapika chai ya wageni. Nimefungua mimi, nimesoma nyuma ya choo.

Kifua ndiyo ilimbana. Hospitali walijaribu, siwezi kuwasema vibaya. Damu wameweka, oksijeni wameweka. Daktari aliuliza Mama: huyu mtoto amepigwa na baridi? Watu wote wakamwangalia daktari. Mama mdogo Akuch mpaka akacheka kidogo na machozi yake: "Baridi gani, daktari? Hapa Kakuma?" Na daktari mwenyewe alikuwa anapangusa jasho. Akaacha kuuliza. Nyibol alikuwa amesimama pale kwa mlango.

Mimi ile karai niliona. Niliona mtoto anacheza na barafu, nikasema sawa, ni joto, wacha acheze.

Sasa nisikie. Barua yako nimechoma. Nyibol hajaona, Mama hajui. Mama akijua hatamwangalia Nyibol tena, na Nyibol akijua, mimi nitazika dada wa pili. Sikulaumu. Ile barua ingefika mapema ingekuwa kitu nyingine, lakini gari halikutembea. Nakuomba tu kama mtu ambaye iko na ndugu. Usimwandikie ile kitu tena. Akikuuliza, wewe umesoma, utajua ya kusema.

Mabior


Kakuma 1
19 Mei 2013

Atabo,

Umenyamaza. Labda umesikia kwa shangazi yako na unaogopa kuniandikia, kama watu wengine hapa wanavyobadilisha njia wakiniona. Ayak hayupo. Alikufa mwezi wa tatu, baada ya uchaguzi.

Mjomba alipiga simu baada ya Pasaka. Mama alimtajia majina matatu. Hakukuwa na la kuamua tena. Tunaondoka mwezi huu ukiisha au mwanzo wa ule unaofuata, wametuambia tukae tayari.

Nataka kukuuliza jambo, na sina mwingine wa kumuuliza. Asubuhi ile ya mwisho Ayak alivumilia kidogo, kisha akasema, "Imetosha, Nyibol." Hakuwahi kusema hivyo. Nikamvua shuka, nikamfunika blanketi, nikamkumbatia mpaka akaacha kutetemeka. Nikamwambia tutaendelea kesho. Mchana kifua kikambana.

Daktari aliuliza kuhusu baridi, na mimi nilikuwepo. Ulimi haukufunguka. Nilijiambia baridi si ugonjwa, ni masomo.

Sasa kichwani mwangu kuna mambo mawili, na yote hayawezi kuwa kweli. Moja linasema nilimwacha mapema, alikuwa karibu na kuiweza, na lile blanketi ndilo lililoharibu. Jingine linasema sikupaswa kuanza kabisa. La kwanza nikilifuata nalia. La pili siwezi hata kulimaliza.

Wewe hukosei kuandika. Hata ulipokosea ulijisahihisha mwenyewe. Niambie ni lipi. Utakaloandika nitaliamini, nitakwenda nalo huko.

Nyibol


Nawoitorong, Lodwar
2 Juni 2013

Mabior,

Barua mbili ziko kwenye bahasha moja, na shangazi Akoru atakukabidhi wewe mkononi. Hii yako ichome kama ile. Ya Nyibol uisome kwanza. Ukiona inafaa, mpe.

Mwalimu Erupe sijamwendea. Sikuweza kumwendea na swali la Nyibol, maana najua angejibu nini.

Atabo


Nawoitorong, Lodwar
2 Juni 2013

Rafiki yangu Nyibol,

Pole. Neno hili nimeliandika na kulifuta kwenye karatasi nyingine nyingi kabla ya hii. Pole kwako, kwa Mama na kwa kaka yako. Nilinyamaza kwa sababu sikujua la kuandika, si kwa kukukwepa.

Nimempelekea Mwalimu Erupe swali lako. Nilimsomea barua yako yote, akakaa akiiwaza, kisha akanieleza polepole kama anavyotueleza darasani. Amesema si moja kati ya yale mawili. Hukumwacha mapema, na blanketi halikuharibu kitu, ulifanya vizuri kumfunika. Na kuanza kwako hakukumdhuru. Barafu za mfuko ni kitu kidogo mno, baridi yake huishia kwenye ngozi, haifiki kwenye damu. Amesema sikoseli ina siku zake. Hushuka kifuani yenyewe, hata kwa mtoto aliyelala juani, na hakuna daktari wala dada anayeweza kuizuia ikishaamua. Alinichorea ubaoni nikaona mwenyewe.

Kwa hiyo ulimi wako haukumficha daktari chochote. Hapakuwa na cha kusema.

Alichokipata Ayak kwako ni barafu kila siku, na nyimbo, na mtu wa kucheka naye. Hili ninakuandikia bila kumuuliza mwalimu.

Shangazi anasema huenda mtakuwa mmeshapanda ndege barua hii ikifika. Kama haijakukuta, Mungu anajua. Kama imekukuta, naomba unifanyie jambo moja. Ukifika huko, baridi usiijaribu, hata kwa mkono, hata mara moja ili uone ilivyo. Wakikupa koti, vaa. Wakikupa la pili, vaa juu ya lile.

Atabo